Kabla Awe Sura ya Tisheti, Che Guevara Alikuwa Tu Msee wa Nduthi ya Silinda Moja

Sura yake unaijua hata kama somo la historia ulikuwa unalilalia. Kofia yenye nyota, nywele zimetoka pande zote, macho yanaangalia mbali kama mtu anangoja mathree ya mwisho usiku. Uko naye kwa tisheti, umemwona nyuma ya lori, na kama unapanda nganya hii mtaa lazima ushakutana naye amechorwa karibu na Bob Marley. Hiyo picha ilipigwa na mpigapicha Alberto Korda, Havana, tarehe 5 Machi 1960, kwenye hafla ya kuomboleza watu waliouawa na mlipuko wa meli. Jamaa hakuwa amejipanga. Hata hakuwa anaangalia kamera.

Siasa tutafika, usijali. Lakini leo nataka nikupeleke miaka minane nyuma ya hiyo picha, kwa barabara ya changarawe kule Argentina, wakati alikuwa anaitwa tu Ernesto, hana ndevu za maana, na anasukuma nduthi iliyogoma.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine. Kama umewahi kubebwa na boda, basi umekalia silinda moja. Boxer, TVS, ile Honda ya mzee wa maziwa, zote ni pistoni moja, plagi moja, kabureta moja. Kwa injini ya mipigo minne, shafti inazunguka mara mbili ndio mlipuko mmoja utokee. Gari ya silinda nne iko na pistoni zingine tatu za kujaza ile nafasi, ndio maana inanguruma bila kukatika. Silinda moja haina msaidizi. Inapiga, inanyamaza kidogo, inapiga tena. Ile du-du-du unayosikia ikipanda kilima saa kumi na moja asubuhi, hiyo ndiyo hesabu ya pistoni yenyewe, unaweza hata kuihesabu. Na kwa sababu hakuna pistoni nyingine ya kuipinga, yote inatetemeka. Vioo vinacheza, nati zinalegea, mikono inawasha ukishuka.

Sasa kuna wasee duniani wako na doo ya kununua pikipiki ya silinda mbili au nne, inayoteleza kama mafuta, na bado wanachagua hii ya kutetemeka. Ukiwauliza ni kwa nini, wanaanza kuongea kama watu wa maombi. Mimi nilikuwa nadhani ni maringo tu ya watu wameshiba. Nilianza kuwaelewa niliposoma diary ya Ernesto. Nilisoma nikiwa nimekaa kwa keja bila kazi, mwaka ule niliacha chuo.

Alizaliwa Rosario, Argentina, cheti kinasema tarehe 14 Juni 1928. Familia ilikuwa na jina kubwa lakini doo ilikuwa inaenda ikirudi. Akiwa na miaka miwili, pumu ikamshika, na haikumwachilia mpaka anakufa. Wazazi, Ernesto mkubwa na Celia, walihamia Alta Gracia, mji wa vilima karibu na Córdoba, kwa sababu hewa ya huko ni kavu. Kijana alikosa shule mara nyingi, mathe akamfundisha kusoma nyumbani. Halafu, kwa sababu alikuwa kichwa ngumu, akaamua mchezo wake ni raga. Mtu hawezi kupumua, anacheza raga. Anakimbia, anatoka nje, anavuta dawa ya pumu, anarudi uwanjani.

Huko kwa raga ndio alipatana na Alberto Granado, kocha wake, na pia ndugu ya rafiki yake wa shule. Granado alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kama sita. Alikuwa mtaalamu wa baiokemia, anafanya kazi na wagonjwa wa ukoma, na kwa hiyo raga alikuwa amempa kijana jina la Fuser. Weka jina la Granado kwa akili. Pikipiki ilikuwa yake.

Ernesto akaingia chuo kikuu cha Buenos Aires kusomea udaktari. Lakini hakuwa wa kukaa kitako. Tarehe 1 Januari 1950 alichukua baiskeli, akaifunga kainjini kadogo ka Kiitaliano, akatoka pekee yake kuzunguka kaskazini ya Argentina, karibu kilomita 4,500. Soma hiyo tena. Kilomita 4,500 kwa baiskeli yenye kainjini. Aliporudi, kampuni iliyokuwa inauza hizo injini ilimtumia kwa tangazo gazetini, picha yake akiwa ameikalia. Yaani kabla awe sura ya mapinduzi, alikuwa sura ya kuuza kainjini. Wale wa kutafuta ubalozi wa bidhaa mtandaoni, mzee wenu wa kwanza ndiye huyo.

Oktoba 1951, Córdoba, nyumbani kwa kina Granado. Wamekaa chini ya mzabibu, wanakunywa mate, ile chai yao chungu ya kunyonywa na mrija, huku wanagusagusa pikipiki. Stori ikaenda ikarudi, wakajipata wamekubaliana kuzunguka bara lote la Amerika. Mpaka Marekani ikiwezekana. Hawakuwa na mpango, hawakuwa na pesa ya maana. Walikuwa na hiyo mashine.

Ilikuwa Norton 500 ya mwaka 1939, iliyoundwa Birmingham, Uingereza. Injini ya silinda moja, cc 490 ukipima vizuri. Granado aliiita La Poderosa II, yaani Yenye Nguvu ya Pili. Yenye Nguvu ya Kwanza ilikuwa baiskeli yake, hiyo pekee inakuambia hawa walikuwa watu wa aina gani.

Fikiria Boxer 150, halafu pistoni uiongeze mara tatu. Norton za wakati huo hazina kibonyezo cha kuwasha. Unapiga kiki, na sisemi ile ya wasanii wetu wakitoa ngoma mpya. Unasukuma pedali polepole mpaka usikie pistoni imefika juu na imekaza, unaipitisha kidogo, unarudisha pedali, halafu unashuka nayo na uzito wako wote. Ukikosea, pedali inarudi na kukupiga mguu vibaya sana. Ukipatia, injini inakohoa mara moja, mara mbili, halafu inaanza ile sauti nzito ya polepole. Na moto wa plagi unatoka kwa magineto inayozungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo hata betri ikifa kabisa, nduthi inawaka. Mashine kama hiyo unaweza kuijua yote. Hakuna sehemu iliyofichwa. Ikikataa ni mafuta, ama moto, ama hewa, ama kitu kimevunjika na unakiona.

Hapo ndipo nilianza kuelewa wale wa kuongea kama maombi. Pikipiki ya silinda nne inakufanyia kazi yote, wewe unabebwa tu. Hii ya moja inakuhitaji. Pancha ni yako, cheni ni yako, nati zilizodondoka barabarani ni zako. Na wewe pia unaihitaji, sana, kwa sababu mji wa mbele uko kilomita mia.

Walitoka Buenos Aires tarehe 4 Januari 1952. Ernesto miaka 23, Granado 29. Walikuwa wamepakia hiyo nduthi kama wale boda wa kubeba sofa: mabegi, hema, vyuma vya kuchomea nyama, na mbwa. Eeh, mbwa. Anaitwa Comeback, na alikuwa zawadi ya dem wa Ernesto, Chichina Ferreyra, mtoto wa familia tajiri aliyekuwa likizo kwa bichi ya Miramar. Mzigo wa nyuma ulikuwa mkubwa mpaka gurudumu la mbele linataka kuinuka. Comeback alianguka njiani zaidi ya mara moja lakini alifika.

Pale Miramar walipanga kukaa siku mbili, wakakaa nane. Ernesto alikuwa amependa, hiyo haina ubishi. Chichina alimpa dola 15 amletee vazi la kuogelea akifika Marekani, na hizo dola 15 zikageuka stori ndefu, kwa sababu kuna siku walilala njaa na jamaa akakataa kuzigusa. Wiki kadhaa baadaye, akiwa Bariloche, karibu na mpaka wa Chile, alipokea barua. Ameachwa. Aliisoma, akairudia, na safari ikaendelea. Kama umewahi kuachwa na simu iko asilimia mbili, unamwelewa.

Barabara za kusini ya Argentina zilikuwa mchanga, mawe na upepo. Walianguka mpaka wakazoea. Kuna siku moja walianguka mara tisa. Kila wakianguka, kitu kinalegea au kinapinda, na dawa ilikuwa moja: waya. Granado aliamini waya kuliko nati. Kama kitu kinaweza kufungwa na waya, kwa nini uteseke kutafuta skrubu? Mafundi wetu wa mtaa wangempa kazi siku hiyo hiyo.

Mapato sifuri, kwa hiyo chakula na malazi vilikuwa ni kuomba. Wanafika kwa shamba la mtu jioni, nguo zimejaa vumbi, mashine inalia du-du-du, watoto wanakimbia kuangalia. Hapo stori inaanza yenyewe. Mtu wa gari kubwa hufunga kioo na kupita. Mtu wa nduthi moja mbovu ameshasimama kwako, anaomba maji, anaomba koleo, na kabla ajue ameulizwa ni mtoto wa nani. Wengine waliwapa kitanda, wengine waliwapa zizi la farasi.

Na wasikudanganye walikuwa malaika. Walikuwa vijana na walikuwa waongo wakubwa. Baada ya kuvuka maziwa kuingia Chile, pale Temuco, gazeti la mji liliwaandika kama wataalamu wawili wa ukoma kutoka Argentina wanaozunguka Amerika ya Kusini kwa pikipiki. Granado sawa, alikuwa amefanya kazi na wagonjwa. Ernesto alikuwa mwanafunzi ambaye hajamaliza mitihani. Lakini ile karatasi waliikunja vizuri, wakaanza kuitumia kama kadi ya benki. Wanafika gereji, wanaitoa, fundi anasoma, anaita wenzake, chakula kinaletwa. Kwenye hiyo gereji hawakulipa.

Gereji iliwapata Lautaro, mji mdogo tu. Nduthi iliteleza, wakaanguka, na safari hii waya haikutosha: sehemu ya usukani ilivunjika, na kifuniko cha alumini cha giaboksi pia. Hiyo ni kazi ya kuchomelea. Mafundi wa Lautaro walishinda nao wakirudisha mashine pamoja, na jioni wakawaalika kwa densi. Ernesto akalewa divai, akajaribu kumvuta mke wa fundi mmoja kwenda nje. Mwanamke alipoanza kukataa kwa nguvu, akaanguka, kila mtu akaona. Madaktari wakubwa wa ukoma walitoka mbio usiku huo, kijiji nzima nyuma yao. Yeye mwenyewe ameiandika hiyo stori kama kichekesho. Mimi nikiisoma sicheki sana. Yule mwanamke alikuwa amesema la, na yule fundi ndiye aliyekuwa ametengeneza nduthi yao bila kulipwa.

Baadaye kidogo breki zikaisha kwenye mteremko, wakaingia kwa kundi la ng'ombe, wakapenya, wakasimamishwa na mawe ya kando ya barabara. Hakuna aliyekufa. Lakini Yenye Nguvu haikuwa na nguvu tena. Kilima kingine, injini inapumua kama mwenyewe akishikwa na pumu, halafu basi. Walifika mji wa Los Ángeles, ule wa Chile, si wa Hollywood, wakalala kwa wazima moto wa kujitolea, na hata walitoka nao usiku kuzima nyumba inayoungua. Kutoka hapo lori liliwabeba mpaka Santiago, wao na maiti ya pikipiki.

Santiago waliiacha. Waliifunika na hema lao na kuondoka. Ilikuwa imewabeba chini ya miezi miwili.

Watu wengi wakisikia hii stori wanaona pikipiki ndiyo safari. Hata filamu ya 2004, The Motorcycle Diaries, iko na pikipiki kwenye jina. Lakini ukihesabu siku, sehemu kubwa ya safari, Machi mpaka Agosti, hakukuwa na pikipiki. Ernesto aliandika mwenyewe kwamba walipoipoteza walishuka cheo. Jana walikuwa mabwana wa barabara, leo ni watu wawili wa kuomba lifti na mabegi mgongoni. Norton, hata ikiwa imefungwa na waya, ilikuwa bado inawatofautisha na maskini wa kweli. Ilikuwa imewafundisha kuomba msaada. Sasa msaada ukawa ndio kila kitu.

Cheki kilichofuata. Valparaíso, mji wa bandari, mwenye mkahawa anamwambia Ernesto aende amwangalie mama mzee, mfanyakazi wa zamani wa mkahawa. Anamkuta kwa kachumba kachafu, ana pumu na moyo umechoka. Pumu, ugonjwa wake mwenyewe. Hakuwa na cha kumfanyia. Alimwachia vidonge vichache, akamwandikia cha kula, akatoka. Kilichomchoma ni vile familia ya yule mama ilikuwa imemgeukia, kwa sababu kwa nyumba ya maskini, asiyeweza kufanya kazi anakuwa mdomo tu wa kulishwa.

Halafu Baquedano, jangwani kaskazini ya Chile, usiku wa baridi kali. Walikutana na mume na mke, wafanyakazi. Mume alikuwa amefungwa miezi mitatu kwa kuwa Mkomunisti, na sasa walikuwa wanaelekea mlimani kutafuta kazi kwa machimbo ya salfa, kazi chafu mpaka hakuna anayekuuliza siasa yako. Watoto walikuwa wameachwa kwa jirani. Hawakuwa na blanketi hata moja. Ernesto na Granado waliwapa moja yao, wakajifunika ile nyingine wawili, na Ernesto aliandika kwamba huo ulikuwa kati ya usiku wa baridi zaidi maishani mwake, lakini pia usiku aliojisikia karibu zaidi na hii jamii ya binadamu ambayo alikuwa haijui. Kesho yake wakaenda kuona Chuquicamata, mgodi mkubwa wa shaba wa kampuni ya Marekani. Walitembezwa kama watalii.

Peru alipata kuona Machu Picchu, na Lima wakapokelewa na daktari Hugo Pesce, bingwa wa ukoma, mtu aliyewapa malazi na vitabu na nguo. Juni wakawa San Pablo, makao ya wagonjwa wa ukoma kando ya mto Amazon. Wakati huo watu waliwaogopa hao wagonjwa vibaya sana. Hawa wawili waliwasalimia kwa mikono mitupu bila glavu, wakacheza nao mpira, wakakula nao. Ernesto alitimiza miaka 24 hapo. Walipokuwa wanaondoka, wagonjwa walikuja kwa boti usiku kuwaimbia. Mpiga akodioni hakuwa na vidole kwa mkono wa kulia, alikuwa amefunga vijiti kwa kiwiko cha mkono ndio apige. Hiyo picha aliipeleka kwa barua kwa mathe wake. Wagonjwa waliwaundia chelezo cha magogo, wakakipa jina Mambo-Tango, na kikawateremsha mtoni mpaka upande wa Colombia.

Julai wakafika Caracas, Venezuela. Granado akapata kazi na kubaki. Na hapa lazima nikuambie kitu kingine, maana sisi ni Waafrika tunasoma. Ndani ya diary hiyo hiyo, akiwa Caracas, Ernesto aliandika mambo ya dharau kuhusu watu weusi wa mji ule. Uvivu, pombe, zile zile za kila siku. Alikuwa amelala na maskini wa bara nzima, amekula na wakoma, na bado hiyo ilikuwa ndani yake. Kama ulikuwa unadhani barabara humsafisha mtu yote mara moja, pole. Kaa na hiyo, tutaikuta tena mbele.

Alirudi nyumbani kwa ndege ya mizigo iliyokuwa inabeba farasi. Ilipitia Miami, ikaharibika injini, akakwama huko karibu mwezi mzima akiwa amesota. Tarehe 31 Agosti 1952 akatua Buenos Aires.

Na akarudi chuo. Hiyo ndiyo sehemu huniuma. Alikuwa amemwahidi mathe atamaliza, na akamaliza. Mitihani ilikuwa mingi iliyobaki, akaipiga yote kwa miezi michache, na 1953 akawa daktari. Mimi nikiachana na chuo nilijiambia niko kwa safari yangu kama yake. Nilikuwa nimeruka hiyo kurasa.

Yaliyofuata unayajua, ama unaweza kuyapata popote, kwa hiyo napita haraka. Julai 1953 alitoka tena, safari hii bila pikipiki. Akafika Guatemala, na 1954 akashuhudia serikali ya Árbenz ikipinduliwa kwa mkono wa CIA. Akakimbilia Mexico. Huko akakutana na Fidel Castro 1955, na Wacuba ndio walimpa jina Che, kwa sababu Waargentina husema che kila sentensi vile wewe unasema buda. Yaani jina linalotisha mabalozi maana yake ni kama Msee. Novemba 1956 akapanda boti Granma, wote pamoja wakiwa watu 82, wengi wao wakauawa au wakashikwa wiki za kwanza, waliobaki wakapigana milimani, na Januari 1959 wakachukua Cuba. Akawa kamanda wa ngome ya La Cabaña, ambapo makumi ya watu walipigwa risasi baada ya kesi za haraka haraka, na yeye ndiye aliyekuwa anapitisha hukumu. Halafu akawa gavana wa benki kuu, halafu waziri wa viwanda. Hizo risasi za La Cabaña haziko kwa tisheti. Yule aliyempa mtu asiyemjua blanketi jangwani na yule aliyetia sahihi ni mtu mmoja, na mimi siwezi kukufutia mmoja ndio ubaki na mwingine.

Halafu akaja kwetu. Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka Kigoma na kuingia Kongo, kusaidia wapiganaji waliokuwa wanapinga serikali. Alikuja na Wacuba zaidi ya mia moja baadaye, karibu wote weusi, waliochaguliwa hivyo makusudi. Ili wasijulikane walichukua majina ya Kiswahili, kutoka hesabu ya watoto wa nasari. Víctor Dreke, kamanda mweusi, akawa Moja. Wa pili akawa Mbili. Na Che Guevara, mtu aliyetafutwa na CIA dunia nzima, akawa Tatu. Alitambulishwa kama daktari na mkalimani. Hebu fikiria: miaka 13 baada ya yale aliyoandika Caracas, yuko ndani ya msitu wa Afrika, anajaribu kujifunza Kiswahili, na kwenye orodha ya majina mtu mweusi amekaa juu yake.

Haikuenda fiti. Kiongozi Laurent Kabila alikuwa haonekani mbele ya vita, wapiganaji hawakuwa tayari, pumu na kuhara vikamla mpaka akabaki mifupa. Novemba walivuka ziwa kurudi Kigoma, na yeye akafichwa miezi kadhaa ndani ya ubalozi wa Cuba, Dar es Salaam, anaandika. Hakujipamba. Alianza kwa kukiri kwamba ni stori ya kushindwa.

Bolivia ilikuwa ya mwisho. Aliingia Novemba 1966, akashikwa tarehe 8 Oktoba 1967, amejeruhiwa mguu, na kesho yake akauawa kwa risasi ndani ya shule ya kijiji cha La Higuera. Miaka 39. Walikata mikono yake ili kuthibitisha ni yeye, wakamzika kwa siri, na mifupa ilipatikana 1997 tu, Vallegrande, ikapelekwa Santa Clara, Cuba.

Granado ndiye aliyezeeka. Alimfuata rafiki yake Cuba 1961, akafundisha madaktari huko, akaishi mpaka Machi 2011, miaka 88. Walipokuwa wanatengeneza ile filamu aliandamana na waigizaji, mzee wa zaidi ya miaka 80, akiwaonyesha ni wapi na vipi. Kwa hiyo ukiitafuta wikendi hii, usizime pale maandishi yanakaribia kuanza. Kuna mzee mmoja anaonekana mwishoni, amesimama anaangalia ndege ikipaa. Huyo hajaigiza. Ndiye mwenye pikipiki.